Bulalo, uboho na kidole gumba: niende kula na wenzangu au nisiende?

*"Asalaam aleikum dada. Mimi ni mtumishi wa kilimo kutoka Morogoro, umri miaka 47. Niko Los Baños, Ufilipino, kwa mafunzo ya mpunga ya wiki kumi. Wenzangu wa maabara wamenialika mara mbili kwenye kigahawa cha barabarani kinachouza supu ya ng'ombe na wali. Mara wanaiita bulalo, mara pares. Mara zote mbili nimetoa udhuru. Kwanza mimi ni Muislamu na hapa nguruwe yuko kila mahali. Pili nina presha, ninameza hidroklorothiazidi kila asubuhi, huu mwaka wa pili. Tatu, wiki chache kabla sijasafiri, kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba usiku kikawa chekundu, hata shuka likigusa nasikia moto. Nilimeza diklofenaki siku nne kikapoa, sikwenda hospitali. Rafiki yangu mmoja ananiambia uboho wa mifupa ndio unaoleta gauti, nisiuguse kabisa. Mwingine anasema supu ya mifupa ni dawa ya viungo, ninywe mabakuli mawili. Halafu kigahawa chenyewe ni meza za plastiki na masufuria ya wazi. Wamenialika tena Jumamosi. Niende, au niendelee na mkate na mayai chumbani? Sitaki waone nawadharau."*

Waalaikum salaam, kaka. Umefunga mizigo minne kwa kamba moja: dini, presha, kidole na usafi wa kigahawa. Ukiibeba yote pamoja hivyo, lazima ikulemee uishie kula mkate chumbani. Tuifungue mmoja mmoja. Ujue pia kwamba mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Niliishi hapo Los Baños miaka miwili nikisoma Chuo Kikuu cha Ufilipino, kwa hiyo meza hizo za plastiki nimezikalia sana, na mialiko kama huo wako niliipata na mimi.

Jibu langu ni kwamba nenda. Lakini kidole kipelekwe hospitali kabla ya Jumamosi, na sababu yake nitakueleza.

Kwanza tujue unaalikwa wapi. Kigahawa cha namna hiyo wao hukiita karinderya, na jina lake jingine la mtaani ni turo-turo, yaani "onyesha-onyesha", kwa sababu mteja husimama mbele ya masufuria akaonyesha kwa kidole anachotaka. Sisi wa Tanzania tunaye mama ntilie, ambaye jina lake limetokana na mteja kusema "mama, nitilie". Huku mteja anaomba kutiliwa, kule anaonyesha kwa kidole, lakini biashara ni ileile: mama mmoja, moto mmoja, wafanyakazi wenye njaa ya mchana. Kitoweo wanakiita *ulam*, na kama kwetu, hakuna ulam bila wali. Wewe uliyeishi na mpunga utafurahi kujua kwamba wao nao wana maneno matatu kama sisi: *palay* ni mpunga, *bigas* ni mchele, *kanin* ni wali. Nilipojifunza hilo wiki ya kwanza, niliacha kujiona mgeni.

Sasa hizo supu mbili zisikuchanganye, maana kwa mwili wako zina tofauti.

Bulalo ni supu nyeupe ya muundi wa ng'ombe, mifupa imekatwa vipande ili uboho uonekane, ikachemshwa kwa saa nyingi na kitunguu na pilipili manga nzima. Mwishoni hutiwa kabichi, pechay (mboga inayofanana na chainizi yetu), na mahindi mabichi yaliyokatwa vipande, wakati mwingine na viazi au ndizi. Asili yake inahesabiwa kuwa ni nyanda za Batangas, kusini mwa hapo ulipo, mkoa unaojulikana kwa ng'ombe; mji wa Padre Garcia una mnada mkubwa wa mifugo. Watu wa Manila hupanda hadi Tagaytay, kwenye ukingo wa juu unaotazama ziwa na volkano ya Taal, kula bulalo kwa sababu tu kule kuna baridi. Bakuli likija mezani utaona ni ndugu wa supu ya kongoro, isipokuwa lina mboga nyingi zaidi, na hilo kwako ni jambo jema.

Pares ni kitu kingine. Neno lenyewe limetoka Kihispania, maana yake jozi, kwa sababu vitu huja pamoja: nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu katika sosi ya soya na sukari, tangawizi, kitunguu saumu na kile kiungo chenye umbo la nyota cha mapishi ya Kichina, pembeni bakuli dogo la supu, na wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, wanaouita *sinangag*. Ni tamu, siwezi kukudanganya. Lakini ina chumvi ya soya, ina sukari, na wali wake una habari yake nitakayoifikia mbele. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua bulalo.

Kuhusu dini, nitaeleza la jikoni, la fatwa nitawaachia masheikh. Bulalo kama bulalo haina nguruwe ndani yake. Nguruwe huingia kwa milango ya pembeni, na milango hiyo ndiyo ya kuiulizia. Wapo wanaotia vidonge vya kuongezea ladha vilivyotengenezwa kwa nguruwe. Wapo wauza pares wanaomwagia juu *chicharon*, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka kama chipsi, na ukisikia pares ya "kuzidisha" ujue mara nyingi juu yake kuna nguruwe wa namna moja au nyingine. Upawa unaochota kitoweo cha nguruwe kiitwacho adobo unaweza kuchota na supu yako. Hata dengu za kijani, choroko zetu kabisa, ambazo kwa desturi yao ya Kikatoliki hupikwa sana Ijumaa, mara nyingi hunyunyiziwa chicharon juu. Mtu ambaye hajui ataziona choroko akashusha pumzi.

Uliza, na uliza kwa lugha yao, utaona uso wa muuzaji unavyofunguka: *May halo po bang baboy ito?* yaani, hiki kina nguruwe ndani yake? Na *Hindi po ako kumakain ng baboy*, mimi sili nguruwe. Neno *baboy* ni nguruwe, *baka* ni ng'ombe. Hilo *po* ni neno la heshima, usiliache.

Lakini kaka, kutokuwepo nguruwe si uchinjaji. Waislamu wa Ufilipino ni wachache, wengi wao wako kusini, Mindanao na visiwa vya Sulu, na ng'ombe wengi wa huko uliko hawachinjwi na Waislamu. Wapo wanaoitegemea aya ya tano ya Suratul Maida kuhusu chakula cha watu wa Kitabu, na wapo wanaosema machinjio ya leo hayaingii humo. Mimi sina elimu ya kuwaamulia. Mpigie sheikh wako unayemwamini, mweleze hali ilivyo, na ukishapata jibu litakalotuliza moyo wako, lishike bila kuona haya. Likiwa ni hapana, bado nenda. Karinderya nyingi zina samaki: tilapia wa kuchoma, au *sinigang* ya samaki au kamba, mchuzi mkali uliotiwa ukwaju. Ndiyo, ukwaju huu huu wa kwetu, wao huuita *sampalok*. Waambie wenzako mapema na wao watakuwa wa kwanza kumwuliza mwenye duka kwa niaba yako.

Na ukipata siku moja ya kwenda Manila, kama kilomita 60 hivi kutoka hapo, nenda Quiapo, mtaa wa Waislamu unaouzunguka Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976. Swali Adhuhuri, kisha kula bila wasiwasi. Watausugi wa Sulu wana supu yao ya ng'ombe inayoitwa *tiyula itum*, supu nyeusi, na weusi wake ni wa nazi iliyounguzwa makusudi ikasagwa na viungo. Mtu wa pwani anayejua thamani ya nazi atashtuka kuona inaunguzwa, halafu ataonja aelewe. Ukiiona kwenye orodha ya mgahawa wowote wa Waislamu, usiipite.

Sasa twende kwenye kidole, hapo ndipo nataka utulie unisikilize.

Rafiki yako anasema uboho unaleta gauti. Hebu tazama tarehe zako mwenyewe: kidole kilivimba Morogoro, kabla hujapanda ndege, kabla hujaona bakuli la bulalo kwa macho. Kwa hiyo kama ni gauti kweli, na dalili ulizozieleza zinafanana nayo sana, chanzo ulikuwa nacho nyumbani na umesafiri nacho.

Gauti, ambayo kwa jina la kitabuni ni jongo, hutokana na asidi ya yuriki. Mwili huizalisha unapovunjavunja vitu viitwavyo purini, ambavyo vimo katika seli zako mwenyewe na katika vyakula. Figo huitoa kwa mkojo. Kiwango chake katika damu kikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita, huanza kuwa nyingi kuliko damu inavyoweza kuiyeyusha, na taratibu hujijenga kuwa fuwele ndogo zenye ncha kama sindano ndani ya viungo. Kidole gumba cha mguu hupenda kushikwa kwanza, na moja ya sababu ni kwamba kiko mbali na moyo na kina baridi kuliko sehemu nyingine. Fuwele zinaweza kukaa humo muda mrefu bila kelele. Siku moja kinga ya mwili inazishtukia, inazishambulia, na unaamka usiku huwezi kuvumilia shuka.

Watu wengi hufikiri tatizo liko kwenye kula tu. Ukweli ni kwamba kwa wengi wenye gauti, shida kubwa zaidi ni figo kutotoa asidi ya kutosha. Na dawa yako ya presha, hidroklorothiazidi, ni ya jamii ya dawa za kukojosha ambazo hupunguza utoaji wa asidi ya yuriki kwenye figo. Hilo linajulikana na madaktari miaka mingi. Sisemi ndiyo iliyokuvimbisha kidole. Nasema inastahili kuulizwa. Ongeza na mengine: jua la mashambani na jasho lisilofidiwa kwa maji, soda (sukari yake ya fruktosi hupandisha asidi ya yuriki, jambo ambalo wengi hawalijui), maini na figo za mbuzi wikiendi, na dagaa, ambao pamoja na uzuri wao wote wana purini nyingi. Ukijiona kwenye orodha hiyo, basi kidole chako kilikuwa na sababu za kutosha hata bila Ufilipino.

Uboho wenyewe je? Ule wa ndani ya muundi wa ng'ombe mkubwa sehemu yake kubwa kabisa ni mafuta. Purini si shida yake kuu. Kijiko kikubwa kimoja kinakaribia kijiko cha mafuta ya kupikia kwa nishati, na kama kolesteroli yako iko juu, hapo una sababu ya kuwa na kiasi. Ukionja kidogo, ukagawana mfupa mmoja na wenzako kama wanavyofanya wao, sioni ubaya. Kinachohitaji uangalifu zaidi kwa mtu wa gauti ni kile ambacho rafiki yako hakukitaja: mchuzi. Purini huyeyuka katika maji. Nyama ikichemka saa nne, sehemu ya purini zake huhamia kwenye supu. Kwa hiyo mtu anayekwepa uboho kwa hofu halafu akanywa mabakuli matatu ya mchuzi amekwepa kisichomhusu sana na kubeba kinachomhusu.

Ushauri wangu kwa Jumamosi, kama kidole kimetulia kabisa: bakuli moja la kiasi, vipande viwili vya nyama, kabichi na pechay na mahindi kwa wingi, mchuzi wa kulowesha wali bila kuongezewa wa pili. Maji ya kutosha kabla na baada, bila soda. Na kuna sahani moja nakuomba uiache hata wakikusihi: goto ya Batangas. Jihadhari na jina hili, kwa sababu Manila goto ni uji wa mchele wenye utumbo, na Batangas goto ni supu ya matumbo na viungo vya ndani bila mchele. Zote mbili si za kidole chako kwa sasa. Kama kidole kimeanza kuuma au kimevimba tena siku ya Ijumaa, acha nyama na supu zote hiyo wiki. Kaa nao, kula samaki kidogo au mayai na mboga.

Rafiki yako wa pili, yule wa mabakuli mawili, naye ana nia njema. Imani yake nimeikuta Morogoro, Mombasa, Manila, kila penye ng'ombe. Anachokiona ni kweli: supu iliyopikwa vizuri inanata midomoni, na ikipoa inaganda. Mnato huo ni jelatini. Muundi una kano na tishu ngumu nyingi kwa sababu mguu hubeba mnyama, na tishu hizo zina kolajeni. Moto wa taratibu wa saa nyingi huivunja kolajeni kuwa jelatini. Ndiyo maana nyama ya muundi ya saa moja ni kama raba na ya saa nne inakatika kwa kijiko. Lakini jelatini ukiimeza haisafiri kwenda gotini. Tumbo huivunjavunja kuwa vipande vidogo kama linavyofanya kwa protini ya maharage au yai, na mwili hutumia vipande hivyo unapoona panafaa. Kalsiamu nayo, ambayo watu huihesabia supu ya mifupa, hutoka kwenye mfupa kidogo sana kuliko wanavyodhani. Kunywa bulalo kwa sababu ni tamu na unakula na watu. Kama dawa ya viungo haitakufaa, na kwa mtu mwenye dalili zako mabakuli mawili yanaweza kufanya kinyume.

Presha ni habari ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai cha vyote ulivyokula tangu asubuhi. Mezani utakuta chupa ya *patis*, maji ya rangi ya chai yaliyotokana na samaki na chumvi vilivyoachwa kuchacha. Kijiko kikubwa kimoja cha patis peke yake kinaweza kubeba zaidi ya nusu ya kiwango hicho cha siku nzima. Sosi ya soya ina chumvi pungufu kidogo, lakini nayo haiifai presha. Supu yenyewe ilishatiwa chumvi au patis jikoni. Kwa hiyo onja kwanza. Wafilipino huandaa kisahani kidogo cha kuchovya: patis, maji ya *calamansi*, ambayo ni ndimu ndogo kama gololi, na *siling labuyo*, ndugu wa pilipili kichaa. Wewe kamua calamansi nyingi, tia pilipili, acha patis kwenye chupa. Ulimi utapata ukali wake na presha haitahisi kitu. Hili nililifanya miaka miwili na hakuna aliyeniuliza.

Nimefika kwenye meza za plastiki. Plastiki haijamwumiza mtu tumbo, na masufuria ya wazi peke yake hayanitishi. Supu inayochemka mbele ya macho yako ni moja ya vyakula salama kabisa unavyoweza kununua barabarani. Hatari iko kwenye supu iliyozimwa moto. Sufuria kubwa hupoa polepole sana katikati, na kuna bakteria, Clostridium perfringens, ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa halafu huzaana haraka nyama inapokaa vuguvugu kwa saa nyingi. Mtu anakula saa tisa alasiri, usiku wa manane anakatika tumbo, halafu analaumu uboho. Nenda saa sita hadi saa saba mchana, wakati wateja wamejaa na sufuria linageuka upesi. Tazama mvuke. Bakuli likija likiwa vuguvugu, waombe walichemshe tena, na si ufidhuli kuomba hivyo.

Wali ndio wa kuulizia zaidi, na wewe wa mpunga utanielewa upesi. Kwenye mchele mbichi huwa kuna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Kuupika wali hakuziui zote. Wali ukibaki usiku kucha mezani kwenye joto la Los Baños, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka, na baadhi yao hutoa sumu isiyoharibika kwa moto. Sinangag kwa asili yake hukaangwa kwa wali uliolala, kwa sababu wali uliolala haushikani kwenye kikaango. Wali ukilala kwenye jokofu mapema, hakuna tabu. Ukilala kwenye sufuria, kuukaanga asubuhi hakuiondoi sumu ile, na mtu anaweza kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula. Usiogope kila sinangag. Katika karinderya yenye watu wengi wali hauna nafasi ya kulala. Ila mgeni asiyejua jiko achukue kanin nyeupe inayotoa mvuke: *Bagong luto po ba ang kanin?* yaani, wali ni wa sasa hivi? Maji kunywa ya chupa iliyofungwa.

Na sasa hospitali. Chuo kina hospitali yake ndani ya kampasi, si mbali na ulipo. Nenda wiki hii, kabla ya Jumamosi, hata kama kidole hakiumi. Mwambie daktari mambo matatu kwa mpangilio: kidole kilivyoanza, dawa ya presha unayomeza na muda wake, na zile siku nne za diklofenaki. Hilo la tatu usilifiche. Diklofenaki inaweza kupandisha presha, na ikikutana na dawa ya kukojosha inaweza kuzitesa figo. Usiirudie mwenyewe hata kidole kikirudi usiku wa saa nane. Daktari atataka kupima asidi ya yuriki na kazi ya figo. Ujue pia kwamba kipimo kikichukuliwa katikati ya maumivu makali kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida, kwa hiyo sasa ukiwa umepoa ndio wakati mzuri. Muulize wazi kama presha yako inaweza kutunzwa kwa dawa nyingine. Zipo zisizopandisha asidi ya yuriki, na losartani huishusha kidogo. Lakini usiiache hidroklorothiazidi kwa sababu umesoma jibu langu. Presha isiyo na dawa ni hatari kuliko kidole.

Usisubiri miadi kama kiungo kimevimba na una homa au baridi ya kutetemeka, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unaweza kufanana na gauti na hauvumilii kucheleweshwa. Vilevile kama presha imefika 180 kwa 120 au zaidi na kichwa kinagonga, macho yana ukungu au kifua kinabana, au kama umeharisha damu au kutapika hadi maji hayakai tumboni. Hayo ni ya kwenda saa hiyohiyo.

Limebaki la kuonekana unawadharau. Usilingoje Jumamosi ulitatue mezani. Kesho chai ya saa nne mwambie aliyekualika: nitakuja, ila sili nguruwe na daktari ananiangalia presha, naomba unisaidie kuchagua. Kwa Wafilipino kualika chakula ni kama kwetu kusema "karibu tule". Hata anayekula peke yake akikuona unapita atakuambia *kain tayo*, tule. Ukikataa mara mbili kwa udhuru wanadhani ni wao. Ukiwaambia sababu, wanakuwa upande wako. Muuzaji mwite *Ate* kama ni dada, *Kuya* kama ni kaka. Wanakula kwa kijiko na uma, lakini mfupa wa bulalo ukifika kila mtu anatumia mikono, nawe nawa tu uanze. Ukitosheka sema *busog na po ako*, nimeshiba, na useme mapema, maana mama wa karinderya akiona bakuli limepungua anakuja na upawa wa mchuzi bila kuulizwa.